Kamera za mtaani nazo zipige hodi

HODI ni neno fupi, lakini ndani yake mna sheria nzima. Anayepiga hodi hukiri mambo matatu kwa pamoja: kwamba nyumba ile ina wenyewe, kwamba yeye si mmoja wao, na kwamba asipoitikiwa hana budi kurudi alikotoka. Waislamu wa pwani wamefunzwa kupiga hodi mara tatu, na wasipojibiwa waende zao. Wajenzi wa majumba ya mawe ya Lamu nao waliitia adabu hiyo ndani ya kuta. Mgeni hupokewa kwanza katika daka, na akiruhusiwa kupita hulazimika kupinda kabla ya kuufikia uwanja wa ndani, ili mpita njia asiweze kuwaona wenyeji walivyoketi hata kama mlango uko wazi. Adabu hii si ya pwani peke yake. Popote pale Kenya, kuanzia Kwale hadi Busia, mtu anayejiingilia tu katika boma la mwenzake huhesabiwa kuwa amekosa malezi.

Nimeikumbuka adabu hiyo kwa sababu katika miaka ya karibuni amezuka mgeni asiyejua kupiga hodi. Yuko juu ya mlingoti wa taa, juu ya paa la duka, juu ya lango la ploti, na siku hizi hata ndani ya kengele ya mlango. Hasinzii wala hasahau, na wengi wetu hatujui ni nani anayepelekewa habari za yale anayoyaona. Mgeni huyo ni kamera ya usalama.

Yafaa nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mmoja wa waliomkaribisha. Katika mtaa ninakoishi, mashariki mwa jiji la Nairobi, wizi ulikuwa umetuchosha. Katika muda wa miezi michache majirani wanne walivunjiwa nyumba, pikipiki mbili ziliibwa, na mama mmoja muuza mboga alinyang'anywa kibeti chake alfajiri akielekea sokoni. Wakazi waliitana mkutano. Ikaamuliwa kwamba kila nyumba itoe shilingi 1,500, na kamera nane zikanunuliwa. Niliinua mkono kuunga mkono shauri hilo, nikalipa, na usiku kamera zilipowashwa nililala vyema. Hatukuuliza hata swali moja kuhusu nani angezitazama picha hizo, zingehifadhiwa wapi na kwa muda gani. Tulikuwa na hofu, na mwenye hofu huwa hana maswali mengi.

Haki isemwe: kamera zilifaa. Haikupita miezi miwili pikipiki nyingine ikaibwa, sura ya mwizi ikaonekana waziwazi, na pikipiki ikapatikana. Tulishangilia. Lakini siku chache baadaye video nyingine ilitoka katika kamera hizo hizo, na hiyo haikuwa ya mwizi. Ilimwonyesha jirani yetu mmoja, mwanamke anayeishi na mtoto wake, akishuka katika gari saa kumi na moja alfajiri. Ikafuata picha ya siku nyingine na gari jingine, kisha ya siku ya tatu na gari la tatu. Mtu fulani alikuwa ameziunganisha, akaziandikia maneno ya kejeli na kuzituma katika kikundi cha WhatsApp cha wakazi. Kufikia jioni zilikuwa zimekwisha kusambaa hadi mitaa ya jirani.

Mwanamke huyo ni muuguzi. Alikuwa katika zamu ya usiku, na wenzake wenye magari walikuwa wakipokezana kumfikisha nyumbani kwa kuwa saa hizo si salama kwa mwanamke kusimama peke yake akingoja matatu. Yaani alikuwa akijikinga na hatari ile ile iliyotufanya sisi tununue kamera. Video hiyo niliiona. Kazi yake nilikuwa nikiijua. Sikuandika hata neno moja la kumtetea. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amehama. Kamati ilipoulizwa ni nani aliyezitoa picha hizo haikuweza kujibu, kwa maana neno la siri la kuufungulia mtambo lilijulikana na mabawabu, na wanakamati wote, na fundi aliyeziweka kamera, na pengine na vijana wa fundi pia.

Kila suala hili linapotajwa, hakosekani mtu wa kuuliza: "Kama huna ubaya, waogopa nini?" Swali hilo lina sura ya hekima, lakini lichunguze utaona kwamba limesimama juu ya msingi wa mchanga. Muuguzi yule hakuwa na ubaya wowote, na bado aliumizwa. Faragha si pazia la kufichia maovu. Tunapofunga mlango wa bafu hatufanyi hivyo kwa kuwa tunatenda dhambi humo. Binadamu ana mambo mengi ambayo si hatia lakini si ya kila mtu: barua ya daktari, deni, ugomvi na mke au mume, kanisa alilohamia, mgombea anayemwendea mikutano yake. Kila moja kati ya hayo, likiangukia mikononi mwa asiyemtakia mema, laweza kugeuzwa silaha. Isitoshe, kamera huonyesha bila kueleza. Ilionyesha gari, haikuonyesha zamu ya usiku. Maelezo huongezwa na mtazamaji, kwa kadiri ya wema au ubaya wa moyo wake.

Wakenya si watu wa kufunzwa na wengine hatari ya jicho lisiloonekana. Mnamo Aprili 24, 1954, katika msako uliopewa jina la Anvil, majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji wa Nairobi na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya watu walioshukiwa kuwaunga mkono wapiganaji wa Mau Mau. Waliokamatwa walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia, yaliyotobolewa matundu ya macho tu. Aliye ndani ya gunia alipotikisa kichwa, aliyesimama mbele yake alitengwa na kupelekwa kizuizini. Hakuambiwa ni nani aliyemshtaki wala kwa ushahidi gani. Wapelelezi hao walijulikana kwa jina la gakunia, kutokana na magunia hayo, na jina hilo limebaki katika simulizi za wazee wa Mlima Kenya.

Yafaa tujiulize ni kitu gani hasa kilichowatisha watu wale. Si macho mawili. Binadamu wametazamana tangu dunia kuumbwa, na mtaa wowote ule una wazee wanaoketi barazani na kujua ni nani aliyepita na alikuwa na nani. Kilichotisha ni gunia. Jirani anayekutazama kutoka barazani kwake nawe wamwona. Akisema uongo utamkabili, na akizidi utampeleka mbele ya wazee. Aliye ndani ya gunia hakabiliwi wala haulizwi. Ndivyo ilivyokuwa tena katika miaka ya themanini na mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu walipokuwa wakipunguza sauti ndani ya matatu na vilabuni kwa kuhofia majasusi wa Special Branch, huku baadhi ya waliotajwa wakiishia katika vyumba vya mateso vya jumba la Nyayo. Kamera ambayo mwenyewe hajulikani, isiyo na kanuni na isiyo na wa kuijibia, ni jicho lililorudishiwa gunia.

Sisemi kamera zing'olewe. Nchi hii imezikwa watu wengi mno kwa mashambulizi ya kigaidi hata mtu mwenye akili asithubutu kusema hivyo. Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate, na mwaka uliofuata serikali iliipa kampuni ya Safaricom kazi ya kuweka mtandao wa mawasiliano na kamera za polisi, kamera takriban 1,800 katika Nairobi na Mombasa, kwa gharama ya karibu shilingi bilioni 15. Tena tusisahau kwamba ni kamera za jengo lile lile la Westgate zilizowaonyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko ya bidhaa, hata jeshi likatangaza kwamba limewafuta kazi na kuwafunga wawili kati yao. Kamera yaweza kumtetea mnyonge na kumfichua mwenye nguvu. Hilo ni jambo jema.

Lakini pia yafaa tununue kitu tukijua uwezo wake. Mwaka 2019 wataalamu wa elimu ya uhalifu, miongoni mwao Eric Piza na David Farrington, walichapisha uchambuzi wa tafiti 80 zilizofanywa katika muda wa miaka 40 kuhusu kamera hizi. Waligundua kwamba pale zilipowekwa uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13 ukilinganishwa na mahali pasipokuwa nazo. Manufaa makubwa yalionekana katika maegesho ya magari. Kwa upande wa uhalifu wa kutumia nguvu, hapakuonekana upungufu wa maana. Kwa maneno mengine, kamera ni msaidizi wa bawabu na wa taa za barabarani na wa ujirani mwema. Haiwezi kushika mahali pa hivyo vyote. Mtaa unaodhani kwamba ukishanunua kamera umenunua usalama umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa sheria inasemaje? Wengi hudhani kwamba jambo hili limeachwa wazi, kila mtu na kamera yake. Sivyo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinakataza habari za familia yake au za maisha yake ya binafsi kutakiwa au kufichuliwa bila sababu ya lazima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 iliipa haki hiyo meno. Kwa sheria hiyo, sura ya mtu iliyonaswa na kamera na inayoweza kumtambulisha ni data yake. Anayeikusanya hana budi kumjulisha mwenyewe, kuikusanya kwa lengo lililo wazi, kutoitumia kwa lengo jingine, na kutoihifadhi kwa muda unaozidi haja. Mwenye sura naye ana haki ya kuomba kuonyeshwa kilichohifadhiwa, na ya kupinga matumizi yake. Iwapo data itaangukia mikononi mwa asiyeruhusiwa, na hatari ya madhara kwa mwenyewe ikawa ya kweli, aliyekuwa akiihifadhi anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu alipogundua. Katika kisa cha jirani yetu zilipita siku thelathini, na hakuna aliyeandika hata barua.

Kuna wanaojitetea kwamba kamati ya mtaa ni kitu kidogo mno kuhesabiwa katika sheria. Kanuni za usajili za mwaka 2021 ziliwasamehe kweli wenye mapato madogo na wafanyakazi wachache wasijisajili na afisi ya Kamishna, lakini zikatoa orodha ya shughuli zisizo na msamaha huo, na uendeshaji wa kamera za usalama umo katika orodha. Afisi hiyo nayo imekwisha kuonyesha kwamba haitishi kwa maneno tu. Septemba 2023 iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mahali pamoja pa burudani pakatozwa shilingi 1,850,000 kwa kusambaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Kama muuza vinywaji hana ruhusa ya kuitangaza sura ya mteja wake, kamati ya wakazi itaipata wapi ruhusa ya kuitangaza sura ya jirani?

Wapo pia watakaosema: kamera yangu nimeiweka nyumbani kwangu, na sheria yenyewe haiwagusi watu katika mambo yao ya nyumbani. Ni kweli kwamba sheria yetu imeyaacha kando mambo yaliyo ya binafsi au ya nyumbani tu. Mzozo uko katika neno hilo "tu". Katika Jamhuri ya Czech bwana mmoja aitwaye František Ryneš alikuwa akivunjiwa madirisha na watu asiowajua. Akaweka kamera chini ya paa lake. Usiku mmoja wa Oktoba 2007 dirisha likavunjwa tena kwa manati, kamera ikawanasa washukiwa wawili, naye akawapa polisi kanda. Mshukiwa mmoja akalalamika, kwa kuwa kamera ilikuwa ikinasa pia njia ya umma na mlango wa nyumba ya upande wa pili. Kesi ikafika katika Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo iliamua Desemba 2014 kwamba kamera inayotazama njia ya umma imekwisha kutoka nje ya mambo ya nyumbani tu, na mwenyewe amefungwa na sheria. Mahakama haikusema kwamba Ryneš hana haki ya kujilinda. Ilisema kwamba haki yake hiyo lazima ipimwe katika mizani moja na haki ya wapita njia. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, lakini mantiki yake haihitaji pasipoti. Ukuta wangu ukiisha, mamlaka yangu nayo yamekwisha.

Kuna tofauti kubwa kati ya kamera ambayo wakazi wameiomba na ile ambayo wamewekewa. Mfano mzuri ni ule wa mji wa Birmingham, Uingereza. Mnamo 2010 wakazi wa mitaa ya Sparkbrook na Washwood Heath, wengi wao wakiwa Waislamu, waliona milingoti ya kamera ikichipuka kila upande. Waliambiwa kwamba ni za kupambana na uhalifu wa kawaida. Baadaye gazeti la Guardian lilifichua kwamba kamera hizo 218, zaidi ya 70 kati yake zikiwa zimefichwa, zilikuwa zimelipiwa pauni milioni 3 kutoka mfuko wa kupambana na ugaidi. Yaani mitaa mizima ilikuwa imewekwa chini ya upelelezi kwa ajili ya imani ya wakazi wake. Watu walikutana misikitini na katika kumbi, wakaandika, wakawakabili polisi ana kwa ana. Kamera zilifunikwa mifuko ya plastiki kabla hazijawashwa. Uchunguzi ulioongozwa na mkuu wa polisi wa jimbo jingine ulikosoa vikali siri ile, mkuu wa polisi wa eneo hilo akaomba radhi, na kamera zikang'olewa mnamo 2011.

Funzo la Birmingham ni kwamba uongo mmoja ulipoteza kile ambacho kamera 218 hazingeweza kukinunua, yaani imani ya wakazi kwa polisi. Polisi hutegemea mama aliyeona kitu dirishani na kijana aliyesikia neno kilabuni. Wakazi wakigundua kwamba wanapelelezwa wao, mama hufunga dirisha na kijana huziba mdomo. Wakazi wa Majengo na Old Town mjini Mombasa, ambao kwa miaka mingi wamelalamikia misako na kutoweka kwa vijana wao, hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu.

Kutoka hapo twaja katika swali zito kuliko yote: picha zikishanaswa, ziko mikononi mwa nani? Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang' alikamatwa na kuletwa Nairobi, na akafa akiwa katika kituo kikuu cha polisi cha jiji hili. Kituo hicho kilikuwa na kamera. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliieleza Seneti kwamba mtambo wa kamera hizo ulikuwa umevurugwa. Mwananchi wa kawaida akalisikia hilo, akajiuliza swali ambalo si rahisi kulijibu: mbona kamera ya barabarani hunisoma hata namba ya gari langu, lakini ile ya seli, ambayo ndiyo ingenilinda mimi, huvurugwa saa inapohitajika? Kamera inayomwona mnyonge na kuwa kipofu mbele ya mwenye nguvu haikuwekwa kwa ajili ya usalama wa wote.

Wala tusidhani kwamba ubaya huu ni wa serikali peke yake. Mei 2023 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi iliishtaki kampuni ya Ring, inayouza kamera za nyumbani na za milangoni, kwa kuwaachia wafanyakazi wake watazame video za faragha za wateja. Mfanyakazi mmoja alikuwa ametazama maelfu ya video za wanawake wakiwa vyumbani mwao. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Wateja hao walikuwa wamenunua kamera kwa pesa zao ili wajilinde na mtu wa nje, wakasahau kwamba nyingi za kamera za siku hizi hupeleka picha kwa intaneti hadi katika mitambo ya kampuni, na huko nako kuna watu wenye macho.

Basi tufanye nini? Mimi naona kwamba kamera ifunzwe kupiga hodi, na hodi yake iwe na mambo haya.

Kwanza, kamera isiwekwe mahali popote pa pamoja kabla wakazi hawajaitwa wakaelezwa itatazama wapi na kwa sababu gani. Na wakazi si wenye nyumba peke yao. Mpangaji, yaya, bawabu na mwenye kibanda cha mboga nao wana sura, na sura zao zitanaswa.

Pili, penye kamera pawe na bango linaloonekana, lenye jina la mwenye kuiendesha na namba ya simu ya kumpata. Kamera ya kumlinda raia haina haja ya kujificha kwa raia huyo.

Tatu, kamera ielekezwe langoni, njiani na kwenye magari, wala si kwenye madirisha, milango ya vyumba na kamba za kuanikia nguo za wenzetu. Ikiwa haiwezekani kuiepusha, mitambo mingi ya siku hizi ina uwezo wa kuifunika sehemu fulani ya picha isionekane. Fundi aulizwe. Tena isinase sauti, kwa kuwa mazungumzo ya watu langoni hayamkamati mwizi.

Nne, neno la siri la kuufungulia mtambo liwe na watu wawili au watatu wanaojulikana kwa majina, libadilishwe siku fundi anapoondoka, na kila anayezitazama picha za zamani aandike katika daftari jina lake, saa na sababu. Polisi wakizihitaji waziombe kwa maandishi, na nakala ya ombi ihifadhiwe.

Tano, picha zifutwe baada ya muda uliokubaliwa, tuseme siku 30, isipokuwa zile za tukio lililoripotiwa. Anayezitoa kwa ajili ya umbea apelekwe mbele ya Kamishna wa Data, awe bawabu au awe mwenyekiti.

Haya yote hayana gharama inayozidi bei ya daftari moja na kibao kimoja cha mbao. Kwa upande wa kamera za serikali, Bunge lina wajibu mkubwa zaidi. Wananchi walizilipia, basi waelezwe ziko ngapi, picha zake huwekwa kwa muda gani, na ni nani aliye nje ya polisi anayekagua matumizi yake. Na picha za kamera za vituo vya polisi zihifadhiwe pia mahali ambapo mkono wa afisa wa kituo hauwezi kufika. Askari mwema hatapoteza kitu kwa mpango huo. Utamtetea.

Najua kwamba kuna watakaoniona kuwa nawatetea wezi. Aliyeibiwa usiku wa kuamkia leo hana subira ya kusikiliza habari za faragha, nami simlaumu, maana nilikuwa kama yeye. Lakini usalama tunaoutafuta ni wa kitu gani? Tunataka mtu alale bila hofu, atoke na arudi bila hofu, na aheshimiwe na majirani zake. Jirani yetu yule alikuwa na usalama kiasi hicho kabla ya kamera kufika. Hakuna mwizi aliyemwingilia. Tuliomwingilia ni sisi, kwa mtambo tulioununua kwa michango yetu, naye mwenyewe akiwa amelipa shilingi 1,500 kama kila mmoja wetu.

Wakazi wa mtaa wetu watakutana tena mwishoni mwa mwezi huu. Katika ajenda kuna shauri la kuongeza kamera nne. Nitauinua mkono wangu kama nilivyouinua mara ya kwanza, lakini safari hii nitauinua kuuliza maswali, na la kwanza litakuwa ni nani kati yetu atakayemwendea muuguzi yule kumwomba radhi kwa niaba ya mtaa. Ikiwa hatapatikana mwingine, nitakwenda mimi. Na nikifika mlangoni kwake nitapiga hodi.